Bila Kulazimika Kutoa Sababu

Mkurugenzi wa halmashauri alimwita Bi Mkato ofisini kwake, akamwambia, "Niandikie sheria ndogo ya vibanda na maeneo ya wazi. Na safari hii, mama, sitaki kamba zako."

Bi Mkato akainamisha kichwa kama mtumishi mtiifu. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele. Miaka thelathini na moja alimvizia mtu huyu, kumi na minane kati ya hiyo akiwa chini ya paa moja naye, akimwamkia kila asubuhi kwa meno yote nje, na leo mwenyewe kajileta.

Jina la Bi Mkato alipewa na makarani wa masijala, maana hakuna waraka uliopita mezani kwake ukatoka bila kuongezewa mkato mahali. Kazi yake ilikuwa kuandika sheria za mji, na sheria za mji ziliandikwa kwa Kiingereza, tangu enzi za mkoloni, kwa sababu tu hakuna aliyejisumbua kubadili. Madiwani walizipitisha kwa kunyoosha mikono. Nusu yao hawakuelewa kilichoandikwa, na nusu nyingine walikuwa wanawahi chakula.

Kiingereza cha sheria, ukikizoea, kina adabu ya kinafiki. Hakisemi hata siku moja kwamba mkubwa atafanya anavyotaka. Wapi! Kinasema mkubwa anaweza, akiona inafaa. Kinasema mahakama, ikiridhika, inaweza kutoa amri yoyote itakayoona ni ya haki. Sasa iridhishwe na nani, kwa lipi, kwa kipimo gani? Hapo kinanyamaza. Ni ujeuri uliovaa tai. Ndiyo maana waandishi wazuri wa sheria wana desturi yao, hata bosi asipowaomba: kila wakiandika neno "anaweza" wanalifunga kamba. Wanaandika kwamba mkubwa awe na sababu za msingi, tena azitoe kwa maandishi, na mtu asiyeridhika apate pa kukata rufaa ndani ya siku thelathini. Bi Mkato hakuwahi kusahau kamba hizo. Wakubwa walilalamika, wakamwita mbishi, mwisho wakazoea.

"Hutaki hata moja, mheshimiwa?" aliuliza kwa sauti laini.

"Hata moja. Nimechoka kuburuzwa na mawakili. Kila nikikataa jambo, eti toa sababu, eti toa sababu. Sababu nyingine hazifai kuandikwa kwenye barua." Akajinyoosha kitini. "Weka hiari kamili. Mkurugenzi anaweza kutoa, kukataa au kufuta kibali chochote kadiri atakavyoona inafaa, bila kulazimika kutoa sababu, na uamuzi wake uwe wa mwisho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri sana."

Angekosaje kumwelewa? Maneno hayo aliyajua kwa moyo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa fundi saa, mwenye kibanda kwenye kona ya posta, kibanda chembamba kiasi kwamba mteja alisimama nje na fundi akakaa ndani na kioo chake kimoja jichoni. Mwaka mmoja leseni ikakataliwa. Barua ilikuja ya Kiingereza, mistari minne tu. Baba akaipeleka kwa mwalimu wa jirani, mwalimu akaisoma mara mbili, akakohoa, akasema, "Wanasema afisa anaweza kukataa akiona inafaa, na halazimiki kutoa sababu." Aliyetia saini alikuwa afisa leseni kijana, ambaye baadaye alipanda, akapanda, mpaka akawa huyuhuyu Mkurugenzi.

Baba hakuwahi kupona. Si kwamba aliugua. Alikaa barazani akamuuliza kila aliyepita, "Mimi nimekosa nini?" Alimuuliza mkewe, akamuuliza binti yake akirudi shule, kuna siku alimuuliza fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji. Alikwenda kwenye ofisi ya leseni mara kumi na moja, akarudi mara kumi na moja. Miaka sita baadaye walimzika, na swali lake hakuna aliyelijibu. Binti yake aliapa makaburini, bila kumwambia mtu, kwamba ipo siku afisa yule ataliuliza swali lilelile, na yeye atakuwepo kusikia. Ndipo akasoma sheria, akaomba kazi mjini hapo, akakataa nyingine mbili bora zaidi.

Kwa hiyo aliandika. Kifungu cha kumi na nne kilimchukua asubuhi moja. Akakiacha uchi kama kilivyoagizwa, hakuna sababu, hakuna maandishi, hakuna rufaa. Halafu, kwa kuwa alikuwa fundi wa kazi yake na chuki haikumfanya mvivu, akazipitia sheria za zamani na kufuta kila upenyo ambao wakili mjanja angeweza kupita. Alifurahi, tusimsingizie mtu. Alifurahi mpaka akajisikia njaa. Karani wa masijala alimkuta anajichekea, akamtania, "Bi Mkato, umepata mchumba?"

"Nimepata zaidi ya mchumba, shoga yangu."

Maana alikuwa anajua jambo ambalo ofisi nzima ililijua, ila hakuna aliyelifikiria. Mkurugenzi alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Na kila saa ya chai aliwachosha watu kwa habari za kitalu chake cha miche, kwenye kipande cha ardhi ya halmashauri nyuma ya stoo, kando ya kijito. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na mzee mzima alikuwa hana habari nyingine ila mbegu, mbolea na vivuli vya nyavu. Kwa kibali cha nani? Cha Mkurugenzi. Na baada ya miezi mitano Mkurugenzi atakuwa mtu mwingine.

Madiwani wakanyoosha mikono. Mkurugenzi akaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Akaja mpya, kijana wa suti ya kubana, mwenye haraka na asiye na shaka. Wiki ya kwanza aliomba maelezo mafupi ya mamlaka yake. Bi Mkato akamwandikia ukurasa mmoja: kifungu cha kumi na nne kinakupa hiari kamili juu ya vibanda na maeneo yote ya wazi, pamoja na eneo la nyuma ya stoo. Hakusema uongo hata neno moja. Hayo maneno saba ya mwisho tu ndiyo hayakuwa na ulazima.

Haikupita hata miezi miwili. Siku ya Jumatano, saa nne, mlango wa Bi Mkato uligongwa, akaingia mstaafu na barua mkononi. Alikuwa amepungua, na viatu vilikuwa na udongo wa kitaluni.

"Binti yangu," alisema, "wamenifutia kibali. Wananipa siku tatu niondoe miche yote. Elfu mbili, mingine haijashika hata mizizi, ukiing'oa inakufa. Niandikie rufaa, tafadhali. Wewe ndiye unayeijua hii lugha."

"Rufaa kwa kifungu gani, mzee?"

"Chochote."

"Hakuna," alisema Bi Mkato, akakunja mikono mezani. "Uliniambia hutaki kamba. Nikakutii."

Mzee akatazama dirishani, akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kweli. Nilikwambia." Akaisoma tena ile barua, mistari minne tu. "Lakini hata sababu hawajaniambia. Nimepanga kitalu safi, sijaziba njia ya mtu, sijamgombeza mtu. Mimi nimekosa nini?"

Ndiyo hiyo. Miaka thelathini na moja. Bi Mkato alihisi joto limempanda kuanzia tumboni mpaka masikioni, tamu kuliko alivyowahi kuota, na akaliacha lipande lote kabla ya kufungua mdomo.

"Baba yangu aliuliza hivyohivyo," alisema. "Alikuuliza wewe mara kumi na moja. Fundi saa wa kona ya posta, mwenye kibanda chembamba. Ulimnyima leseni, ukamnyima na neno moja la kumwambia kwa nini, akaenda na swali lake kaburini. Sasa kaonje na wewe. Nenda kakae barazani kwako uulize wapita njia."

Alitegemea mzee atakasirika, au atasema hamkumbuki. Hakufanya hata moja. Aliketi polepole kwenye kiti cha wageni, akamtazama usoni kama mtu anayetafuta sura ya mtu mwingine ndani yake.

"Wewe ndiye yule mtoto wake," alisema. "Mama yako yu hai?"

"Mama yangu anakuhusu nini?"

"Na hajakwambia?"

"Aniambie nini?"

Mzee akaikunja barua yake katikati, mara mbili, akaitia mfukoni. "Niliahidi," alisema. "Muulize mwenyewe." Akainuka, akatoka, na hata mlango hakuubamiza.

Bi Mkato hakungoja saa ya chakula. Alikwenda nyumbani kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, akamkuta mama yake jikoni anachambua maharage kwenye sinia. Alimweleza yote kwa pumzi moja: sheria, barua, mzee, miche. Alipofika kwenye neno "niliahidi", mkono wa mama ukasimama juu ya sinia.

"Baba yako alikuwa haoni," alisema mama.

"Haoni nini?"

"Haoni, mwanangu. Macho yalikuwa yanamfia. Mwaka mzima alikuwa anaharibu saa za watu. Mimi nilikuwa nazichukua alfajiri, nazipeleka kwa fundi mwingine mtaa wa pili, anazitengeneza kimyakimya, nazirudisha kibandani kabla hajafungua. Yeye anadhani ni kazi ya mikono yake. Nikaweza moja, nikaweza kumi, mwisho zikanishinda. Akaja mtu na saa ya marehemu baba yake, meno ya gurudumu yamekatika, akamkunja baba yako shati mbele ya watu wote wa posta. Baba yako akaapa kwamba ni mwenye saa ndiye aliyeivunja. Nilimwambia, mume wangu, pumzika. Hakunisemesha siku nne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikaenda kwa yule afisa. Nikamlilia. Nikamwambia, mkatalie leseni, na usimwambie sababu, ukimwambia utamuua. Nikaona afadhali aichukie serikali kuliko ajichukie mwenyewe. Kijana wa watu alikataa, akasema si haki. Nikarudi tena, na tena. Ndipo akaandika ile barua. Na kila baba yako alipokwenda kumuuliza, alimtazama usoni akanyamaza, kwa sababu yangu. Mara kumi na moja."

Bi Mkato alishika ukingo wa meza. Hasira yake ilikuwa bado ipo, nzima, ila sasa ilikuwa haina pa kukaa, na ikamgeukia aliyekuwa karibu.

"Uliniona ninavyomchukia!" alipiga kelele. "Miaka yote hii unanisikiliza namlaani hapahapa mezani, unanipakulia chakula, na wewe kimya! Mama, roho yako ni ya namna gani?"

"Nilikuona," alisema mama. Hakuinua macho. "Chuki ile ndiyo iliyokuwa inakuamsha usome. Wenzako wanalala, wewe uko na kitabu. Nikasema, nikimwondolea chuki hiyo sasa, atabakiwa na nini? Nikaiacha. Nilikosea, najua nilikosea. Nilaumu mimi. Lakini yule mtu kakosa nini?" Akalisukuma sinia pembeni. "Nenda kamrudishie miche yake. Si mmesema mkubwa anaweza akiona inafaa? Basi nenda ukamfanye aone inafaa."

Saa nane mchana Bi Mkato alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkurugenzi mpya. Alikuwa amenawa uso, akapanga maneno. Alisema mzee wa kitalu alitumikia halmashauri maisha yake yote. Alisema eneo la nyuma ya stoo halitumiki na mtu. Aliomba, na kuomba hakuwa na mazoea nako, kwamba apewe japo miezi mitatu, miche ishike mizizi, aihamishe bila kuiua.

Mkurugenzi mpya alimsikiliza kwa upole, kalamu ikizunguka vidoleni.

"Nimeona haifai," alisema.

"Kwa nini, mheshimiwa?"

Kijana akatabasamu. Hakuwa na roho mbaya. Ilikuwa inamchekesha tu. Akavuta kitabu cha sheria ndogo kutoka pembeni ya meza, akakifungua pale palipokuwa pamekwisha kulegea kwa kufunguliwa, akakigeuza kumwelekea Bi Mkato.

"Hebu nisomee, mama," alisema. "Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu."

Bi Mkato akatafuta kwa kidole mahali pa kumshika: neno lililolegea, mkato uliokaa vibaya, upenyo wowote. Hapakuwa na kitu. Basi akasoma kwa sauti, kifungu kizima, mpaka mwisho, na hakukwama mahali popote, maana kilikuwa kimeandikwa vizuri.