Jezi ya Kiraka

Sisi pale kwenye udobi wa Shangazi hatuwajui wachezaji kwa sura. Tunawajua kwa uchafu. Niletee jezi, funika namba kwa mkono wako, mimi nitakwambia mwenyewe anacheza nini. Golikipa ana udongo kwenye kiwiko na nyonga ya upande mmoja, ule anaopenda kurukia. Mkimbiaji hana udongo, ana chumvi tu, imemchora mgongoni kama ramani. Beki ana majani na damu, na mara nyingi damu si yake.

Kwa hiyo tukibishana nani mwanamichezo bora wa enzi zote, yaani bora kwa kila kitu, sio mpira tu wala mbio tu, hatubishani kama watu wa redio. Tunabishana mikono ikiwa kwenye maji.

Shangazi ni dada yake baba, na udobi ni wake. Kocha ndiye anayeendesha mashine za kufulia. Hajawahi kufundisha timu yoyote, hata ya watoto wa chekechea. Jina alipewa kwa sababu ya mdomo. Mimi nabandika majina na namba kwenye jezi kwa mashine ya joto. Nilimaliza shule, matokeo yakatoka, tukaacha kuyazungumzia, nikaja hapa. Basi.

Halafu kuna kaka yangu. Huyu hakuwa mfanyakazi pale, lakini nguo zake zilikuwa zinakuja kila wiki. Watu walimwita Kiraka. Kwenye mpira kiraka ni yule unayemweka popote pakitoboka. Beki kaumia, weka yeye. Golikipa kala kadi nyekundu, weka yeye. Ila kaka alizidi. Jumamosi mpira, Jumapili wavu, katikati ya wiki kikapu, na kukiwa na mashindano ya mbio anaenda kukimbia kwa viatu vya kuazima na anarudi na kikombe. Fulana zake zilikuja na kila aina ya uchafu kwenye kitambaa kimoja. Kocha akizitoa kwenye gunia alikuwa anapiga kelele, "Jamani, huyu ni mtu mmoja au ni ukoo?"

Msimu uliopita aliruka kupiga kichwa mpira wa kona. Hakuna aliyemgusa. Alishuka vibaya tu, kwa shingo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli na nilidhani anapoteza muda, maana walikuwa wanaongoza.

Daktari alituambia ana ganzi. Alilisema hilo neno vizuri, kana kwamba ni ile ganzi ya kukalia mguu, ambayo ukisubiri inapita huku inachomachoma. Tulisubiri. Siku hizi daktari halisemi tena.

Sasa kaka yuko nyumbani, kwenye chumba chetu, kitanda kimesogezwa dirishani. Kila nikirudi jioni ananiuliza mambo mawili. La kwanza: leo mmebishana nini? Namweleza wote walivyosema, naye anatoa hukumu. Nikirudi kesho yake na hukumu, hata Kocha anakubali, maana ndio utaratibu. La pili: jezi yangu ipo? Namjibu ipo. Na kweli ilikuwepo. Ilitundikwa kwenye henga nyuma ya mashine kubwa, imefuliwa, imepigwa pasi, nyekundu, namba nane, na jina KIRAKA mgongoni, herufi nyeupe nilizobandika mimi mwenyewe.

Mama aliniambia siku moja jikoni, bila kugeuka, "Mambo ya timu yaache hukohuko. Mletee ubishi. Ubishi hauumi."

Basi leo asubuhi akaja mtunza vifaa wa timu na gunia lake. Kijana mpole, kila siku anatembea kama amechelewa. Akamwaga jezi kwenye meza, Shangazi akaanza kuzichambua. Kijana akabaki amesimama.

"Kuna nini tena?" Shangazi akamuuliza.

"Na ile pale, Mama." Akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya mashine. "Tutoe jina. Tuweke UMEME. Nitapitia saa kumi, kesho kuna mechi."

Mashine ilikuwa inazunguka. Kocha akaizima. Sijawahi kumwona anazima mashine katikati ya kuzunguka.

"Hamna nyingine?" Shangazi akasema.

"Seti ni moja. Namba nane ni moja. Mama, mimi natumwa tu."

"Na aliyekutuma hana miguu ya kuja?"

Hilo lilimtoka tu, nadhani. Akawa anakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Mtunza vifaa akanitazama mimi. Kocha akanitazama. Nikasema, "Nitafanya."

"Sio lazima uwe wewe," akasema Shangazi.

"Mashine naijua mimi, Shangazi."

Watu wanasema ukipata habari kama hiyo moyo unapasuka, sijui dunia inazunguka. Mimi nilienda kuchukua henga. Niliona vumbi kidogo kwenye bega la jezi, nikalikung'uta. Ndio hivyo tu.

Kutoa jina si kazi ngumu. Unapasha joto mpaka gundi ilegee, unainua kona ya herufi kwa kibano, unavuta polepole. Ukivuta kwa hasira unachana kitambaa. Gundi inayobaki unaisugua na dawa, ile inayonuka inakupanda kichwani. Nilianza na A ya mwisho.

Shangazi hapendi ukimya. Akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Kocha! Jana uliishia wapi na yule mtu wako?"

Kocha akaelewa. Akawasha mashine. "Mtu wangu hana mpinzani. Olimpiki moja, kashinda michezo mitano, kashinda na michezo kumi. Yaani kukimbia, kuruka, kurusha, vyote. Halafu akaenda kucheza besiboli, akacheza na ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi. Sasa niambie nani mwingine!"

"Wakamfanyaje baadaye?"

"Nani?"

"Huyohuyo mtu wako. Si ulisema wenyewe walimfanya kitu?"

Kocha akakuna shingo. "Walimnyang'anya medali. Eti kabla ya Olimpiki aliwahi kulipwa kwenye besiboli, kwa hiyo si mchezaji wa ridhaa. Wakalifuta jina."

Nikavuta K. Ilitoka nzima.

"Halafu?" nikauliza. Nilikuwa sijasema kitu muda mrefu, wote wakageuka.

"Halafu wakamrudishia," akasema Kocha. "Ila alikuwa ameshakufa."

"Sasa hapo, mwanangu, anakusanya nini," akasema Shangazi, "medali za kuzimu? Mimi naenda na mwanamke wangu. Kashinda kurusha mkuki, kashinda kuruka viunzi. Akachoka na hayo, akaingia kwenye gofu, akawa bingwa wa gofu. Na kikapu pia alicheza. Na nguo zake alikuwa anajishonea mwenyewe!"

"Shangazi, kushona sio mchezo!"

"Umewahi kutia zipu wewe?"

"Mimi naongelea riadha, wewe unaleta cherehani!"

"Nakuuliza, umewahi kutia zipu? Jibu. Ndio ujue kama si mchezo."

"Gofu yenyewe tu nina wasiwasi nayo. Mtu anatembea, anabebewa mzigo. Jezi ya mcheza gofu ukiileta hapa nafua nini? Nafua hewa?"

"Bora hewa kuliko soksi za golikipa wenu."

Siku nyingine ningekuwa nimeshaingia. Mimi nina mtu wangu wa kuogelea na huwa namtetea mpaka sauti inakauka, na Kocha huwa ananiambia samaki wote basi wapewe medali. Leo nilisikia maneno yanapita. Nikavuta A, nikavuta R. Zilikuwa zinajikunja mezani kama maganda. Nikavuta I, nikavuta K ya kwanza, nikachukua dawa na kitambaa, nikasugua gundi yote mpaka ikaisha.

Nikainua jezi nione.

KIRAKA.

Jina lilikuwa bado lipo. Nilipaswa kujua. Jezi ilikuwa imepigwa jua misimu mitatu, wekundu wake umechujuka, lakini chini ya herufi jua halikufika. Kwa hiyo jina lilibaki na wekundu wa mwanzo kabisa, wa dukani. Lilisomeka vizuri kuliko lilipokuwa jeupe.

Shangazi akaja, akaipeleka dirishani. Kocha naye akaja, mikono inachuruzika povu.

"Sugua tena," akasema Kocha.

"Sio gundi," nikasema. "Ni rangi. Ni jezi yenyewe."

"UMEME halitaifunika?"

Nikazipanga herufi juu. Herufi tano juu ya sita. A ikabaki nje, na huku kushoto mguu wa K ukachungulia. Ungesoma kitu kama matusi.

Shangazi alikuwa anaiangalia kama fundi anavyoangalia kitu, amekunja uso, anatafuta njia. Nadhani alikuwa hata hafikirii mengine. Akasema, "Hapa hamna ujanja. Tutie kiraka."

Halafu akasikia alichosema.

Mashine ikafika mwisho, ikalia ile sauti yake ya kuita. Hakuna aliyeifuata. Kocha alifungua mdomo, na mimi nikajua kama ingekuwa juzi, au kwa mtu mwingine yeyote, angepiga kelele, angepiga meza, utani ule ungeishi hapo mwezi mzima. Akaufunga mdomo. Akaenda kufungua mashine.

Nikakata kipande kutoka jezi ya zamani ya rangi ileile, nikakipima bega hadi bega. Shangazi alikishona mwenyewe, mshono mdogomdogo. Nikabandika UMEME juu yake. Ilitoka vizuri. Mtunza vifaa alipokuja akaigeuzageuza, akasema, "Kumbe mmeiongezea na mtindo." Akaenda.

Jioni nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anakatakata mboga, akaniangalia mara moja, akarudi kwenye kisu chake. Nikapita chumbani.

"Mkuu," akasema kaka. "Leo mmebishana nini?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamweleza. Mtu wa Kocha, medali kunyang'anywa, medali kurudi. Mwanamke wa Shangazi, mkuki, viunzi, gofu, nguo za kujishonea. Zipu. Jezi ya kufua hewa. Nilieleza vibaya, niliruka mahali, lakini alisikiliza na macho yake kwenye dari kama anavyofanya.

"Na wewe ulimtetea samaki wako?"

"Leo sikusema."

"Hukusema?"

"Nilikuwa na kazi."

Akavuta pumzi puani. Mara mbili. "Mikono yako inanuka dawa ya gundi."

Nikaiangalia mikono. Nilikuwa nimeinawa. Kule jikoni kisu cha Mama kilikuwa kimesimama.

"Ukibandika hunuki hivyo," akasema. "Unanuka hivyo ukibandua."

Ningeweza kumwambia ni jezi ya mtu mwingine. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaona uvivu. Sijui neno jingine.

"Kapewa nani?" akauliza.

"Umeme."

"Umeme!" Akafikiri. "Yule wa kushoto. Mtoe kushoto uone, anapotea kama kuku ugenini." Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, gurudumu linalia. Akasubiri mpaka ukapita. "Jina lilitoka vizuri?"

"Halikutoka."

"Vipi halikutoka?"

"Herufi zilitoka. Ila chini rangi haijachujuka. Linasomeka. Linasomeka kuliko mwanzo."

"Eh. Mkafanyaje?"

"Shangazi..." Nikasita. "Shangazi akasema tutie kiraka."

Alitazama dari. Nikahesabu kwamba sasa ndio itakuja, chochote kile, na nikawa nimekaa tu, nimeshika ukingo wa godoro.

"Mmetia kiraka," akasema taratibu, "juu ya Kiraka."

"Ndiyo."

"Na Kocha alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza."

Ndipo akacheka. Alianza na pua, kikaja kifua, akacheka mpaka kitanda kikagonga ukuta na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. Nikayafuta kwa kiganja, maana mwenyewe hawezi, na dawa ya gundi ikamwingia jichoni akanitukana, akaendelea kucheka. Mwili wote wa juu ulikuwa unatikisika. Miguu chini ya shuka ilikuwa imelala palepale. Mimi sikucheka. Nilijaribu lakini uso haukuenda.

Ikaisha polepole. Jikoni kisu kikaanza tena.

"Mwambie Kocha," akasema akihema, "kunyamaza hapo ni kosa. Faulo. Penalti kabisa. Mwambie nimesema mimi."

"Nitamwambia."

"Na ubishi kashinda Shangazi."

"Yule wa gofu?"

"Yule wa kujishonea." Akafumba jicho lililokuwa linamuuma. "Jezi itundikwe popote sasa. Usinijibu tena ipo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, nigeuze. Upande huu umechoka, au sijui, Mama anasema umechoka."

Nikapitisha mkono chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, kama tulivyofundishwa, nikamgeuza mara moja bila kumburuza, nikaweka mto nyuma ya mgongo. Sasa alikuwa ameangalia dirisha. Nikainyoosha miguu yake, mmoja juu ya mwingine, na kati yao nikaweka taulo.

"Kesho bishaneni makipa," akasema kwenye kioo cha dirisha. "Na wewe useme."

"Sawa," nikasema, nikaenda kunawa tena.