Usikohoe Mbele ya Daktari

Mama alimfuta binti yake pua, akaisukuma leso chini kabisa ya mkoba. Mtoto walimwita Chiriku kwa jinsi alivyojua kuongea, lakini usiku mafindofindo yalimkaba koo, akakoroma kama mzee mzima, na mama hapati usingizi kwa kumsikilizia pumzi. Upasuaji wa kuyaondoa ulikuwa umeahirishwa na kuahirishwa. Kila zamu yake ikifika, mafua yanatangulia. Safari hii mama alisema liwalo na liwe.

"Humo ndani usikohoe mbele ya daktari," alimnong'oneza. "Ukikohoa tu, tunarudishwa nyumbani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari wa usingizi, ambaye watoto walimwita Mjomba Puto, alimpa Chiriku barakoa ndogo aishike mwenyewe.

"Leo hakuna sindano, bibie. Unavuta hewa humu, unalipuliza puto lile pale kwenye mpira wa hewa, na mimi nakusimulia habari za paka mwizi. Tukifika kwenye samaki, umeshalala." Kisha akamgeukia mama. "Ana mafua? Kikohozi? Niambie tu, dada yangu. Koo lenye mafua likikutana na hewa hii linaweza kujifunga."

"Mzima kabisa," alisema mama, na uongo ulivyotoka laini ulimtisha mwenyewe. Wahenga wana neno lao kwa mficha maradhi. Alilikumbuka nusu, nusu ya pili akaikataa.

Alimpakata, barakoa ikakaa usoni. Puto likawa linajaa na kunywea. Paka wa Mjomba Puto alikuwa ndiyo kwanza anaingia jikoni mama aliposikia kifua cha mwanawe kikishtuka mkononi mwake. Kikohozi. Chiriku akakimeza. Kikaja kingine, akakimeza nacho, akamtazama mama yake kwa macho yaliyojaa machozi na maringo.

"Mbona anabana pumzi?" aliuliza daktari. "Puliza, bibie."

"Kohoa, mwanangu," mama alisema. "Kohoa, nimekuruhusu."

Macho yalikuwa yameshafumba. Puto likatulia. Kifua cha mtoto kilivutika ndani, kikavutika tena, bila sauti yoyote.

"Ana mafua," alisema mama. "Daktari, nimekudanganya."

Daktari alimlaza mtoto kitandani, akamwinua taya, akaibana barakoa kwa mikono yote miwili na kuagiza dawa kwa sauti ya chini. Ile sauti ya chini ilimwogopesha mama kuliko kelele. Muuguzi akamshika bega, akamtoa nje.

Alitega sikio mlangoni. Kikohozi alichokichukia wiki nzima, sasa ndicho alichokiomba kwa Mungu. Akohoe, Mola wangu, akohoe mara moja tu. Ndani mashine ililia, ikalia tena. Mtu alipita mbio na trei, hakumtazama.

Ndipo kikaja, kizito, cha makohozi, kirefu. Mama akaketi sakafuni.

Daktari alitoka shati limemganda mgongoni. "Tumemwamsha. Hapasuliwi leo," alisema. Hakumkaripia, na mama alitamani akaripiwe.

Alimkuta Chiriku amejikunyata kitandani, midomo imepauka, kiganja kimeziba mdomo na mabega yanatikisika. Mtoto alingoja hadi daktari akageuka, ndipo akakiondoa kiganja.

"Mama," alinong'ona, "sikukohoa."