Mrututu Uliotiwa Chokaa

Haya alinieleza Kaari wa hapa Kanyakine, Jumamosi iliyopita, tukichambua maharagwe kwake. Alisema kosa lilikuwa lake, nisimlaumu mtu mwingine.

Mke wa mwanawe, Kawira, hutunza maabara ya shule ya kutwa. Mwalimu wa kemia alikuwa mgonjwa wiki ya tatu, na kidato cha nne walikuwa wamebakiza siku nne waanze mtihani. Jinsi umeme unavyotenga madini walikuwa wameisoma ubaoni tu. Kawira aliwaahidi wataiona kwa macho yao, na mwalimu mkuu akampa vipindi viwili vya Alhamisi alasiri. Vingine havingepatikana. Lakini chupa ya mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, ilikuwa tupu kabatini.

"Mama, ule mrututu wa kunyunyizia kahawa ulibaki?" aliuliza asubuhi ile, akipiga miayo.

"Upo. Nenda kazini, nitakuletea nikishauandaa."

Saa sita Kaari akaufikisha, umekorogwa kwa maji, ndani ya kibuyu cha plastiki. Kawira alishukuru bila kuangalia. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa kupasua betri kuukuu za tochi, akitafuta vile vijiti vya kaboni vya katikati.

Darasani alimimina maji yale ndani ya bilauri. Yalikuwa mazito kama uji, rangi ya samawati. Akatumbukiza vijiti viwili, akaviunga na betri mpya kwa waya. Wakangoja. Hakuna kilichotokea.

"Madam, labda stima ya betri imekataa," akasema Tabby, msichana wa dawati la mbele.

"Stima gani? Hii ni dawa ya kahawa," akasema Vincent. "Tumnyunyizie Gedion anayesinzia pale, naye majani yamemkauka."

Walicheka. Kawira alichovya kidole, akakisugua. Punje nyeupe zikabaki. Chokaa. Mrututu mtupu huunguza majani ya kahawa, kwa hivyo mama alikuwa ameuchanganya vile ulivyochanganywa miaka yote.

Aliketi kwenye stuli. Kama angewaambia wafungue vitabu, nani angemlaumu? Miguu ilimuuma mpaka magotini. Lakini wangeingia mtihani wakibahatisha, wakijua ahadi ya maabara ni maneno.

Akawaza polepole. Chokaa imeigandisha shaba ikawa tope, haiwezi kusafiri majini. Na asidi hula chokaa.

Alitoka mpaka kwa Ngari, fundi wa pikipiki langoni.

"Nipatie maji ya betri, kikombe kimoja."

"Mwalimu, kumbe nawe unaendesha pikipiki?"

"Naendesha watoto arobaini, Ngari. Jaza."

Akarudi maabara, akavaa glavu na miwani, akawaambia warudi nyuma, akadondosha asidi hiyo ya betri kidogo kidogo. Tope likatoa povu, likayeyuka. Kilichobaki cheupe kikatulia chini, na juu yake maji yakawa ya buluu safi. Akayamimina ndani ya bilauri nyingine, akaunga waya tena.

"Shaba sasa imo ndani ya maji haya," alisema, sauti imemkauka. "Ina chaji chanya, kwa hivyo inavutwa upande wa hasi. Ikifika pale inapokea elektroni, inakuwa shaba kamili. Kule kwingine mnaona mapovu, hiyo ni oksijeni. Hata sufuria za kwenu, alumini yake ilitolewa kwenye udongo kwa stima. Ila hiyo lazima iyeyushwe kwanza kwa joto kali, na stima inayotumika ingetosha mji."

Dakika tano zikapita. Kisha Tabby akainama.

"Kimekuwa chekundu."

Kijiti cha hasi kilikuwa kimevaa ngozi nyembamba ya shaba. Gedion aliacha kunakili daftari la mwenzake, akachora mwenyewe. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

"Madam, tukigeuza waya?" Vincent akauliza.

"Geuza uone."

Ule wekundu ukaanza kupungua huku, ukaota kule. Hapo hata Vincent akachukua kalamu, akaandika.

Kawira alifika nyumbani saa kumi na mbili. Kaari alimpa chai.

"Dawa ilifanya kazi?"

"Ilifanya, mama. Walielewa. Ila siku nyingine usitie chokaa."

"Bila chokaa si itawaunguza?"

Kawira alianza kucheka, na kicheko hakikufika mwisho. Kichwa kiliegemea kiti, akalala. Kaari akamwondolea kikombe mkononi kabla chai haijamwagika, akamfunika kwa leso ya kujifunga, akala peke yake. Akaosha sahani yake, akafunga mlango, naye akaenda kulala.