Wanafunzi wa Kopo

"Mara tatu nimekwambia dawa imalizwe, mama. Mara tatu."

"Na mimi nimekwambia mtoto alikuwa ameshapona," alijibu mama mkwe, huku akiendelea kukunja nguo kana kwamba anayesema ni redio.

"Homa ilishuka. Hakupona."

Mkamwana alikuwa bado amevaa koti jeupe la maabara; alitoka kazini mbio bila hata kulivua. Kitandani, Kipusa wa miaka minne alijikunja ameshika sikio, usaha umelowesha mto. Alikuwa ameandikiwa dawa ya siku saba. Bibi, ambaye ndiye anayeshinda naye, alimpa siku tatu, akaona mtoto anacheza, vidonge vilivyobaki akavitia koponi. Ndivyo nyumba hii ilivyoishi miaka yote. Kopo la maziwa juu ya kabati, humo mabaki ya dawa za kila mtu. Anayeumwa anachota viwili, akipata nafuu anaacha.

"Leo nimesoma kipimo cha usaha wake kwa macho yangu," alisema mkamwana. "Tumewajaribu wadudu kwa dawa sita. Tano wamezicheka. Moja tu ndiyo imewaua."

"Ujanja huo wamesomea wapi?"

"Humu ndani. Unawapa dawa kidogo, wanyonge wanakufa, anabaki sugu mmoja. Huyo anazaa kila nusu saa. Ukilala ukiamka ana vilembwe, na wote wamerithi usugu wake. Kisha unawapa kidogo tena. Umewafundisha miaka yote hii, mama, sasa wamehitimu."

Mama mkwe aliliweka shati chini. "Kopo hilo limenilelea watoto sita, mumeo akiwemo. Wewe na diploma yako umelea wangapi?"

"Mmoja. Na sikio lake linaoza."

Bibi alimpapasa mjukuu mgongoni, na sauti yake ikashuka.

"Haya. Hiyo dawa iliyobaki ikoje?"

"Ya sindano. Kila baada ya saa nane, siku saba. Hii nayo wakiizoea, sina nyingine."

"Basi usihangaike, mwanangu. Wewe nenda kazini. Nesi wa jirani atakuja kumchoma hapahapa, mimi nipo. Akipata nafuu tutaangalia."

Mkamwana alimtazama. *Akipata nafuu tutaangalia.* Akatoa simu, akampigia mkuu wa maabara.

"Nipe likizo ya wiki, kuanzia sasa hivi. Namlaza mwanangu wodini. Ukikataa, tafuta mtu mwingine."

Alichomeka simu mfukoni, akamfunga Kipusa mgongoni kwa khanga.

"Unaninyang'anya mjukuu wangu?"

"Kwa siku saba, mama. Zote saba."

Akatoka. Kabla ya saa moja kupita, mtoto alikuwa wodini, ameshachomwa sindano ya kwanza.