Khairat Anarudi na Usiku Wake

Gari la kampuni lilimshusha Khairat kwenye kona ya Makole, jua limeshapanda na wauza maandazi wamebakiwa na yale ya chini ya ndoo. Dereva hakuzima taa za mbele. Khairat alipokuwa anavuka barabara, kijana mmoja wa baiskeli aliwasha dinamo, akampita, akaizima. Uani, mama mkwe wake, Bi Stara, alikuwa anakamua nepi. Alipoona ukuta unaanza kufifia alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kuwasha taa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na usiku wako?"

"Nimekuja nao."

"Haya, ingieni."

Kuku wakarudi bandani. Jamaldini, aliyekuwa ameketi mkekani akigonga sufuria kwa mwiko, alipiga miayo, akajiegemeza kwenye mto, akalala na mwiko wake mkononi. Khairat alimfunika. Alimnusa kichwani, akautoa mwiko taratibu, akakaa kumtazama mwanawe akipumua. Ndivyo walivyokuwa wakikutana siku hizi, mmoja macho, mwingine usingizini.

Ilikuwa miaka ile mali za umma zilipokuwa zinapata wenyewe. Ghala la ushirika, kule upande wa Zuzu, lilinunuliwa na watu wa ng'ambo, likapakwa rangi nyeupe, likajazwa meza na simu za kuvaa kichwani. Wakaajiriwa wasichana waliojifunza Kiingereza kwenye masomo ya jioni, Khairat akiwa mmoja wao. Kazi yao ilikuwa kupokea simu za watu wa mbali walionunua mashine za kufulia. Khairat alijua kwa nini mashine inatetemeka, kwa nini inavujisha maji, kwa nini mlango wake unagoma kufunguka. Mashine yenyewe hajawahi kuiona. Kazini aliitwa Keti.

Mchana wa wateja ulikuwa usiku wa Dodoma, kwa hiyo walifanya kazi usiku. Usiku nao ukaanza kuwafuata nyumbani kidogo kidogo, kama vumbi la kiangazi linavyoingia kwenye pindo la gauni. Mwanzo Khairat aliuona chini ya mtandio tu. Baadaye ukashuka mabegani. Mwisho ukawa mkubwa wa kutosha nyumba na ua, ukaishia kwenye kamba ya nguo, na hapo ulipoishia haukuzidi tena.

Majirani waliuzoea. Waliokuwa na watoto wasumbufu waliwaleta kulazwa. Mume wa Khairat, aliyeitwa Zaidi, utingo wa lori la Kigoma, akipita nyumbani alisema hakuna mahali analala vizuri kama kwake. Hilda, aliyekaa meza moja na Khairat, usiku wake ulipewa kazi kabisa. Baba yake alikuwa na shamba la zabibu Makutupora. Ndege wakiingia shambani, Hilda anaamshwa apite kati ya mistari, ndege wanadhani jua limezama, wanarudi viotani.

"Nikiacha kazi hii, mzee itabidi anunue manati," alisema Hilda.

"Na analipa?"

"Nani, baba? Ananiambia nipite tena huku, nimesahau pembeni."

Wakacheka mpaka msimamizi akawagongea kioo.

Tatizo moja lilitokea Ramadhani. Bi Stara alijilaza kidogo asubuhi, akaamka ndani ya giza tupu, akajua kapitiwa na magharibi. Akafungulia haraka kwa tende na maji, akanywa uji wa daku uliobaki, kisha akabeba kisahani cha tende ampelekee jirani. Alipovuka kamba ya nguo alikutana na jua la saa nne. Ustadhi Abdulrazaki aliitwa. Alisimama mpakani, akaingia gizani, akatoka, akatazama juu, akaingia tena.

"Saumu inafuata jua la mji, Bi Stara, haifuati la nyumba," alisema. "Siku hiyo utailipa."

"Na huyu mkwe wangu je, aliyeniletea giza?"

"Huyu yuko kazini tu, mama. Hana kosa."

Bi Stara akailipa baada ya sikukuu, akinung'unika, na tangu hapo kabla ya kula chochote alitoka kwanza kuchungulia ng'ambo ya kamba.

Asubuhi moja alimpokea Khairat mlangoni huku anatabasamu.

"Mwanao katembea jana."

Khairat aliweka mkoba chini. "Katembea?"

"Kutoka kwenye pipa mpaka kwa mama Joha."

"Alitembeaje, mama?"

"Kama mlevi wa sikukuu. Katanua miguu, mikono juu, anajicheka mwenyewe."

"Hebu niambie tena."

Bi Stara akamwambia tena, akamwonyesha na mwendo wenyewe, mtu mzima yule, mikono juu. Jamaldini alikuwa amelala miguuni pao. Khairat aliishika miguu yake, akaziangalia nyayo. Zilikuwa na vumbi.

Usiku huo alikwenda kwa Bwana Meshack, msimamizi wa zamu. Alitaka zamu ya mchana.

"Haipo," alisema Meshack. "Mchana wao ndio usiku wetu. Dunia sikuiumba mimi."

"Mwanangu ameanza kutembea, bosi. Nikifika tu analala."

"Kwa sababu gani?"

"Nikifika kunakuwa usiku."

Meshack alikaa sawa kwenye kiti. "Saa sita ya mchana, pale kwako ni usiku?"

"Ndiyo."

"Usiku kamili?"

"Kuku wanalala."

Meshack alifikiri, akapiga simu ng'ambo, akazungumza kwa furaha. Haikupita wiki, mafundi walifika Makole wakiwa na tochi, wakafunga antena juu ya bati na meza sebuleni. Wakajaribu simu saa sita ya mchana, ndani ya usiku wa Khairat, ikaita. Mama mmoja wa huko mbali alikuwa ameamka, jua linamwingilia dirishani, mashine yake inatoa povu.

Khairat alifurahi. Sasa angefanyia kazi nyumbani, alale usiku wa watu wote, na pengine usiku huu wa kazini ungemchoka wenyewe. Alimpigia Meshack hapo hapo, akamshukuru kwa moyo.

"Usijali," alisema Meshack. "Gari litakufuata jioni kama kawaida."

"Jioni? Si nafanyia nyumbani?"

"Mchana unafanyia nyumbani. Usiku unafanyia ofisini. Khairat, dada yangu, una bahati. Wenzako wana zamu moja tu."

Mafundi wakamwonyesha pa kutia sahihi. Mmoja alimshikia tochi.

Siku ya kwanza ya zamu ile, Khairat aliisogeza meza mlangoni, mpaka waya ulipokataa. Bi Stara alimbeba Jamaldini akiwa amelala, akamvusha ng'ambo ya kamba ya nguo, akamsimamisha kwenye jua. Mtoto akafumbua macho. Kutoka gizani Khairat alimwona vizuri, kama mtu aliye ndani anavyoona barabarani. Aliona ameota meno. Aliona ana namna ya kukunja pua akitazama mwanga, na pua ile ilikuwa yake yeye Khairat.

"Jama!" aliita. "Njoo, baba! Njoo kwa mama!"

Mtoto aligeuza kichwa. Sauti ile aliijua kutoka usingizini. Akatanua miguu, akanyanyua mikono, akaja, akiyumba na kujicheka, Bi Stara nyuma yake akipiga makofi. Alipovuka kamba, kope zililegea. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, kichwa kimeinama, bado anacheka kidogo. Khairat alinyoosha mikono kadiri waya wa kichwani ulivyoruhusu, akamdaka. Alikuwa amekwisha lala.

Simu ikaita.

"Asubuhi njema, naitwa Keti," alisema Khairat kwa Kiingereza, mtoto begani.

Mwanamume wa ng'ambo alisema mashine yake inatembea jikoni peke yake. Khairat alimweleza kwa upole aangalie miguu yake, pengine haikukaa sawa sakafuni.

"Sikusikii," alisema yule mtu. "Ongea kwa nguvu."

Khairat akaongea kwa nguvu. Jamaldini hakuamka. Ulikuwa usiku.