Mtoto wa Ebenezeri

"Na huyu Godlove, mzee, ni mtoto wa nani?"

Sifael alijibu bila kuacha kumenya ndizi. "Wa Ebenezeri. Marehemu kaka yangu."

Daktari Priska akaandika. Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtafiti kutoka Moshi mjini, mama wa makamo aliyevaa mabuti ya mvua, amepanda mpaka Mwika na kompyuta yake kuuliza ukoo mzima nani anakunywa, nani halali usingizi, nani anakasirika ghafla, na nani alikufa akicheza.

Ndivyo walivyouita, kucheza. Ugonjwa wa ukoo ule unaanza vidoleni mtu akiwa na miaka thelathini na kitu. Vidole vinacheza vyenyewe, baadaye mabega, baadaye miguu, mpaka mtu anatembea kilevi na mdomoni hajatia kitu. Mwisho akili nayo inaaga. Majirani walisema ni mbege, pombe ya ndizi, inawala, wengine wakasema kuna ng'ombe wa watu aliyeliwa zamani hakulipwa. Ulimmaliza Ebenezeri. Mwaka mmoja kabla Priska hajaja ulimmaliza na binti yake, Elinipendo, ambaye siku za mwisho hata mtori, supu laini ya ndizi, ulimshinda kumeza.

Sifael haukumgusa. Alikuwa anagonga sabini na moja, na kisu kikitua mkononi mwake kimetua.

Jibu lile halikuwa uongo. Kwao ukiulizwa mtoto ni wa nani unaulizwa ni wa nyumba ipi na atazikwa kihamba kipi, na Godlove alikuwa wa Ebenezeri toka utosini hadi unyayoni. Ila aliyemzaa ni Sifael.

Ilikuwa hivi. Ebenezeri akiwa mwaka wa tatu kitandani, godoro limefungwa kamba asilirushe chini, alimwita mdogo wake. Ulimi ulishakuwa mzito, ikabidi arudie mara tatu ndipo aeleweke. "Nina binti tu. Niwekee mtu kwenye kihamba." Kihamba ndiyo ile ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa, na ndimo walimolala baba na babu zao. Ndelilio, mke wa Ebenezeri, alikuwa amesimama mlangoni anasikia, hakusema ndiyo wala hapana. Mtoto alipozaliwa Ebenezeri mwenyewe akamtaja jina, akafa kabla mtoto hajaota jino. Sifael akadandia lori la mahindi la Tarakea, akawa mtu wa barabarani miaka ishirini, maana si kazi rahisi kukaa jirani na mtoto anakuita baba mdogo na masikio aliyovaa ni yako.

Waliojua walikuwa watatu. Wawili sasa walikuwa chini ya migomba.

Miezi minane baadaye Priska akarudi, akawaita watu kwenye ukumbi wa usharika. Alitundika shuka jeupe, akarusha picha juu yake: maduara mengi yameunganishwa kwa mishale, kila duara na neno lake. Damu. Usingizi. Pombe. Hasira. Kazi. Woga.

"Hii tunaiita modeli," akasema. "Damu ya kurithi ni duara moja tu. Haya mengine yanaivuta na yenyewe inayavuta. Ukimsaidia mtu hapa tu, pale panamrudisha. Kompyuta inatuonyesha yanavyozunguka."

"Yaani kama mke na mavyaa," akasema Salvina muuza mbege, na ukumbi ukacheka.

Kando ya maduara kulikuwa na ukoo, kila mtu na kisanduku. Cheusi ni aliyeugua, cheupe ni aliyesalimika, nusu cheusi ni yule ambaye mzazi wake aliugua na yeye bado haijulikani. Majina hayakuwepo, namba tu. Lakini kijijini namba haimfichi mtu. Godlove aliinuka akaenda mpaka mbele, akafuata mstari kwa kidole: Ebenezeri, cheusi. Chini yake Elinipendo, cheusi. Pembeni ya Elinipendo, nusu. Kidole kikabaki hapo.

"Hiyo siyo hukumu, kaka," Priska akamwambia upesi. "Anayetaka kujua anapimwa damu, kwa siri, na mshauri yupo."

"Nipimwe nini? Nimemlisha dada yangu kwa kijiko miaka minne. Ninakokwenda nakujua."

Sifael alikuwa benchi la tatu. Kisanduku chake kilikuwa juu ya shuka, cheupe, karibu kabisa na cha kaka yake, na kati ya kisanduku hicho na cha Godlove hapakuwa na mstari.

Godlove alikuwa na miaka thelathini na sita, mwongoza watalii mlimani, na barua yake ya posa kwa Pamela, mwalimu wa Masama, ilishajibiwa. Wiki ile ile alishuka, akazunguka mpaka Masama, akamwambia Pamela atafute mwingine. Pamela akamfuata Mwika, akasimama uani kwa Sifael analia. "Baba mdogo, mwambie. Nitakaa naye hata akicheza."

"Na watoto utakaozaa?" Godlove akauliza kutoka ndani. "Hao nao utawalisha kwa kijiko?"

Pamela akamtazama Sifael. Sifael akatazama chini. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kulitoa ni kumnyang'anya Ebenezeri mwanawe wa pekee, naye hawezi kujitetea, na ni kumfukua Ndelilio ili wanawake wenzake wamwite jina wanaloitwa wanawake wa namna hiyo. Akajiambia atasema baada ya Krismasi. Krismasi ikapita, akajiambia Pasaka. Pamela hakungoja Pasaka zote hizo. Mwaka uliofuata aliolewa.

Godlove aliacha mlima. Alisema mtu asiyeiamini miguu yake hana haki ya kuwatangulia wenzake kwenye barafu. Akahamia kwa Salvina, kwanza mbege, halafu mbege ikawa haimtoshi, akaenda kwa wanaopika gongo. Mwaka wa pili mikono ikaanza.

"We Godlove!" Salvina akapiga kelele siku hiyo. "Nusu ya kata umeimwaga chini! Unawanywesha wazee wa zamani au?"

Watu wakacheka. Halafu mmoja mmoja wakaacha, wakiitazama ile mikono, na Godlove mwenyewe akaitazama, akaiweka kata chini polepole. "Umefika," akasema.

Tangu siku hiyo alikunywa kama mtu anayekimbizwa.

Priska alikuja tena mwaka wa tatu. Godlove alikuwa ametoka hospitali juma hilo, macho ya manjano, tumbo limejaa maji, miguu mikavu. Daktari wa huko alisema ini limekwisha, wamrudishe nyumbani ale anachopenda. Priska alikaa naye asubuhi nzima, kisha akaja kwa Sifael akafungua kompyuta yake, uso umekunjamana.

"Mzee, amekwenda kule kule modeli ilikomwelekeza. Hasira, kukosa usingizi, mikono. Lakini kuna kitu hakikai. Asubuhi mikono inatetemeka, akipiga funda mbili inatulia. Ugonjwa wenu haufanyi hivyo. Huo hautulizwi na pombe."

Sifael akaweka kisu chini. "Mstari mmoja ukiwa siyo, inakuwaje?"

"Mstari upi?"

"Wa kwake. Wa kwenda juu."

Akamweleza yote, macho yako kwenye maganda ya ndizi. Alipomaliza, kuku walikuwa wameingia jikoni na hakuna aliyewafukuza.

"Mimi nilikuuliza ni mtoto wa nani," Priska akasema mwishowe. "Ningekuuliza nani kamzaa."

"Ningekujibu hivyo hivyo."

"Kwa umri wako na uzima huu, wewe huna. Na kama wewe huna, yeye hakuwa nao." Akaonyesha kwa kalamu kwenye kioo. Woga, mshale, pombe. Pombe, mshale, mikono. Mikono, mshale, unarudi kwenye woga. "Huu mzunguko ni wa kweli, mzee. Ila damu haikuwemo. Ulianza na ile picha yangu ukutani."

Akakishika kisanduku cha Godlove, akakivuta mpaka chini ya kile cheupe cha Sifael, na ile nusu nyeusi ikafutika. Kumenya ndizi moja kunachukua muda mrefu kuliko huo. Priska aliendelea kukitazama, kisha akafunga kompyuta na akaomba maji ya kunywa.

Alasiri Sifael alikwenda mpakani mwa kihamba akachuma jani la sale, akalifunga fundo. Jani hilo Mchagga akiletewa na mtu aliyemkosea, hawezi kukataa kusamehe, na hakuna anayethubutu kulishika mkononi huku anadanganya.

Godlove alikuwa nje juu ya kigoda, blanketi begani. Alipoliona jani akacheka, meno marefu katika uso uliokonda. "Eh, baba mdogo. Umekula kuku wangu?"

Sifael alisimama akasema. Hakuzunguka. Alitaja godoro, kamba, na Ndelilio mlangoni. Kicheko kikabaki usoni mwa Godlove muda, hakina mwenyewe.

"Unanidanganya ili nife na raha."

"Na sale mkononi?"

Godlove akalitazama jani, kisha masikio ya mzee, kwa muda mrefu. Akainua mikono yake mbele ya macho. Ilikuwa inatetemeka. "Kumbe huku kucheza ni kwangu mwenyewe," akasema. "Sikukurithi."

Sifael akamnyooshea jani.

"Pamela ana wangapi sasa?"

"Wawili."

"Wanacheza?"

"Wanacheza mpira."

Godlove akatikisa kichwa kama aliyeambiwa habari za mbali. "Na nikilikataa?"

"Halikataliwi."

"Najua halikataliwi. Nauliza tu." Akavuta blanketi. "Mtanizika wapi?"

"Pale pale. Kwa baba yako."

"Yupi?"

Jani lilikuwa bado katikati yao. Kama Godlove angelitupa, angemtukana, angempiga hata na kigoda, Sifael angejua pa kusimama. Godlove akanyoosha mkono. Vidole vilikosa mara mbili, na mara ya tatu ikabidi Sifael amshike kifundo cha mkono kwa ule wake usiotikisika, akivikunja vidole juu ya fundo, kimoja kimoja.

"Nimekusamehe, baba mdogo," Godlove akasema, kwa kuwa aliyekwisha kupokea sale hana jibu lingine, kisha akaomba asogezwe juani.

Jua lilikuwa limeshahama uani. Sifael alimsogeza hivyo hivyo.