Rangi ya Tumbo la Boti

Nelima alikuwa amemaliza kupiga msasa tumbo la boti yake, lakini Jacinta, mama wa kukaanga samaki pale ufuo wa Dunga ziwani, hakuwa amemaliza kumcheka.

"Nyar Bungoma, binti wa Bungoma wewe, wenzako hupaka ubavuni, wanaandika na jina la Yesu watu wasome. Wewe siku tatu unahangaika na mahali patakapoonwa na samaki kamongo peke yake!"

"Kamongo nao ni wateja," Nelima akajibu, kwa sauti ndogo hivi kwamba Jacinta alimwomba arudie, na aliporudia utani ulikuwa umeshapoa.

Boti ilikuwa ya alumini. Aliinunua kwa akiba yake yote ya ualimu kutoka hoteli moja iliyofungwa, ikiwa imeota ukoga mnene chini kama zulia. Jumamosi ilikuwa iwabebe wageni wake wa kwanza, kuwaonyesha ndege kwenye mafunjo.

Mzee Ondiek akatokea na mkebe umefungwa kwa leso. Huyu alikuwa fundi wa mashua za mbao tangu Nelima hajazaliwa, na ndiye aliyempa nafasi ya kuegesha boti yake wakati wengine walipouliza binti Mluhya anataka nini majini. Hakuwa mtu ambaye Nelima angeweza kumwambia hapana.

"Pima," akasema.

Pale Dunga rangi hupimwa hivyo. Fundi hasomi maandishi. Anauinua mkebe kwa mkono mmoja, na bega likilalia upande, basi hiyo ni rangi. Bega la Nelima lilishuka kweli. Moyo nao ukashuka. Uzito ule ulikuwa shaba, ile inayotiwa kwenye rangi ili kuzuia ukoga.

"Mwanangu Gordon aliniletea kutoka Mombasa. Mwaka mzima nimeiweka, nangoja boti ya maana. Ni hii."

Nelima akausukuma kwa mguu mkebe wake mwenyewe, mwepesi, hadi nyuma ya jiwe.

"Mzee, kunywa chai kwanza."

Mzee akanywa. Akaletewa viazi, akala. Akaulizwa habari za wajukuu wote, na wajukuu walikuwa kumi na wanne. Walipokwisha, akapangusa mikono, akafungua mkebe, akachovya brashi.

"Usipake!"

Korongo waliokuwa wakingoja matumbo ya samaki kwa Jacinta waliruka. Jacinta mwenyewe aliangusha kijiko cha kugeuzia. Nelima akatazama nyuma kuona ni nani aliyepiga kelele, akakuta hakuna mtu.

"Mzee, hiyo ina shaba," akasema. "Kwenye mbao hakuna rangi ya kuishinda. Lakini shaba ikikaa na alumini majini, alumini inaliwa. Itatoboka nikiwa na watu huko ndani."

Mzee Ondiek akairudisha brashi mkebeni polepole.

"Kumbe viazi vyote vile ulikuwa unanizungusha?"

"Niliogopa utasikia vibaya."

"Nimesikia vibaya. Ningesikia vibaya zaidi kukuvua ziwani kwa wavu." Akanyoosha kidole kwenye jiwe. "Leta hiyo unayoificha."

Akaupima mkebe mwepesi, akaupima tena, akamgeukia Jacinta. "Hii ni rangi au maziwa ya dukani?"

"Ni ya alumini, Mzee. Haina shaba. Hapa kwetu ni ukoga tu, hatuna vile vidudu vya baharini vinavyoganda kama saruji."

Akainusa, akaikoroga kwa kijiti mpaka chini, akatazama inavyotiririka. Kisha akampa brashi.

"Toka mbele kwenda nyuma. Usirudirudi kama anayepaka mkate siagi."

"Leo mwalimu amepata mwalimu!" Jacinta akapiga makofi.

Nelima akapaka. Kila alipodhani amemaliza, Mzee alimwonyesha mahali aliporuka, na hakuwa akimwonea, kweli alikuwa ameruka. Jua lilipofika utosini tumbo lote lilikuwa jeusi, likimetameta. Mzee Ondiek akaenda kuketi kwenye mashua yake ya mbao iliyopinduliwa kando, rangi imebanduka kama ganda la kitunguu.

"Yako ikianza kukauka, uje upige msasa hii. Mkebe wangu hautarudi nyumbani umejaa. Umesema kwenye mbao hakuna ya kuishinda?"

"Ndiyo, Mzee," Nelima akanong'ona.

"Sikusikii. Tumia ile sauti nyingine."